Kiti cha Alhamisi

Likoni, Mombasa

Mpendwa sahibu yangu,

Nyumbani hatujambo, isipokuwa ami, ambaye figo zimemshinda na sasa mara mbili kwa wiki tunavuka feri alfajiri kwenda kusafishwa damu. Umeniuliza, wewe uliyeteuliwa kwenye kamati ya maadili ya hospitali yenu, kama ni haki kuwapanga wagonjwa kwa kufuata aliyetangulia kufika.

Huko Seattle, Marekani, baada ya daktari Belding Scribner kubuni mwaka 1960 mrija uliowezesha mgonjwa kusafishwa damu mara kwa mara, mashine hazikutosha, na kamati ya watu saba, mmoja tu kati yao akiwa daktari, ikawa inaamua nani apewe nafasi kwa kutazama kazi yake, wanawe, hata ibada zake. Inachukiza, lakini angalau wale walijua kwamba wanachagua.

Hapa kwetu linalochagua ni dirisha la malipo. Juma lililopita mama mmoja muuza mihogo, miguu imemvimba hata kandambili hazimwingii, alifungua fundo la leso akahesabu noti za mia mia mbele ya karani, zikapungua. Bima mpya ya afya ya jamii ilianza Oktoba 2024 kwa kumtaka asiye na mwajiri alipe mchango wa mwaka mzima kwa mara moja, nao haupungui shilingi 3,600. Mtu anayeuza leo ili ale leo atazitoa wapi? Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 43, inakataza mtu kunyimwa matibabu ya dharura, lakini mama yule hakuwa dharura bado: alikuwa anapumua. Akiletwa usiku amekabwa na maji mapafuni, hapo ndipo sheria itamjua.

Kwa hiyo jibu langu ni kwamba foleni yenu ni ya haki kwa waliokwisha kupita dirishani tu, na kamati inayoanza kuhesabu kutoka kwenye foleni imechelewa.

Ami aliyaona yote yale. Akamwita muuguzi, akamwomba kiti chake cha Alhamisi apewe yule mama. Muuguzi akamjibu kwa upole, "Mzee, hicho si chako kukitoa." Tangu siku hiyo ami hasemi njia nzima, nami sijui nimwambie nini. Kamati yenu ingemjibuje?

Wako akupendaye,
Sahibu yako wa Likoni