Wazee waulizwe kliniki kama wameanguka

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niseme neno kuhusu wazee wetu na kuanguka.

Mama yangu ana miaka 74. Kila mwezi tulikwenda kliniki, tukapita dirisha la wazee, akapimwa presha na sukari, akapewa dawa, tukarudi nyumbani. Miaka mitatu yote hakuna aliyemuuliza kama amewahi kuanguka. Wala mimi mwanawe sikumuuliza. Kumbe alishaanguka mara mbili, shambani na mlangoni pa jikoni, akanyamaza kwa kuogopa tungemkataza kwenda shamba. Mara ya tatu, alfajiri akielekea choo cha uani, akavunjika nyonga.

Dalili tulikuwa tunaziona. Alitembea akipapasa ukuta, miguu akiiburuta. Akiamka alikaa kwanza ukingoni mwa kitanda mpaka kizunguzungu kipungue. Tukasema ni uzee, basi. Lakini mapaja yaliyolegea hupata nguvu kwa mazoezi, mtoto wa jicho huondolewa kwa upasuaji, na dawa za presha zinazomfanya mtu apepesuke akisimama daktari anaweza kuzipitia upya. Kandambili zilizolika ni za kutupa tu.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu 684,000 hufa kila mwaka kwa kuanguka, zaidi ya asilimia 80 wakiwa katika nchi za kipato cha chini na cha kati kama yetu. Waliovuka miaka 60 ndio wanaokufa zaidi. Kwa nini basi swali hili halimo kwenye kadi ya kliniki?

Na kipimo cha kujua nani yuko hatarini kuanguka hakihitaji mashine. Mzee anainuka kitini, anatembea mita 3 kwa mwendo wake wa kawaida, anageuka, anarudi, anakaa. Muuguzi anaangalia saa. Marekani, anayetumia sekunde 12 au zaidi huhesabiwa yuko hatarini. Hilo lafanyika hata kwenye korido, wazee wakisubiri kuitwa.

Mazoezi nayo ni ya nyumbani. Huko New Zealand, wazee waliofundishwa kuimarisha miguu na kusimama imara walipunguza kuanguka kwa karibu theluthi. Mama sasa, kwa maelekezo ya mtaalamu wa viungo, kila jioni anashika meza na kuinuka kitini mara kumi, mjukuu akimhesabia. Njia ya chooni tumeweka taa, na ukutani tumepigilia mti wa kushikia. Gharama yake haikufikia hata nauli za kumpeleka hospitali, na inaniuma kwamba tuliyafanya haya baada ya nyonga kuvunjika.

Juzi niliwauliza majirani zetu wawili, wazee kama yeye. Wote wawili wameanguka mwaka huu, na watoto wao hawajui.

Naiomba Wizara ya Afya iagize swali hilo liulizwe kila mzee anapofika kliniki, kabla hata hajafungwa mkanda wa presha.

Msomaji wako,
Muheza, Tanga