Majani kumi na mawili na mkia mmoja

Swahiba wangu,

Salamu nyingi. Mimi ni mzima, ila nina kikohozi nilichojitafutia mwenyewe. Kisa chake utakikuta mbele. Natumai nawe hujambo na wote ulio nao ni wazima.

Ujumbe wako juu ya picha nilizokutumia ulinikuta nasafisha lenzi, nikacheka peke yangu kama mwehu. "Picha kumi na tatu. Majani kumi na mawili na mkia mmoja. Mwenye mkia yuko wapi?" Nikaanza kukujibu kwa simu, nikafuta, nikaanza tena, nikaona hapana, shtaka hili linataka barua. Kaa kitako.

Tuanze na mkia. Ni wa mbweha. Asubuhi ile nilikuwa nimepiga magoti mbele ya gogo, nikiupiga picha uyoga mwekundu wenye madoa meupe, ule wenye sumu unaochorwa sana kwenye vitabu vya watoto. Kamera iko kwenye stendi, shata, lile pazia linalofunguka kuingiza mwanga, nimeiweka 1/15 ya sekunde, maana msituni mwanga ulikuwa haba na uyoga hauna haraka ya kwenda popote. Nikahisi natazamwa. Kuinua macho, mbweha huyu hapa, hatua 10 hivi, mguu mmoja wa mbele kaukunja, ananiangalia kama mwenye shamba amwangaliavyo mpita njia. Mnyama anayetembea anataka 1/500, akikimbia ndiyo kabisa, 1/1000. Nikaanza kuzungusha kigurudumu cha kasi. Tk, tk, tk. Masikio yakageuka, na nilipobonyeza alikuwa amebakiza mkia, nao umetoka kama moshi. Nimekutumia kwa makusudi, ujue mnyama alikuwepo. Tangu siku hiyo nikimaliza kupiga vitu vilivyotulia, narudisha mipangilio ya mnyama kabla sijanyanyua magoti.

Sasa majani. Unauliza kwa nini sikungoja jua litoke. Hapo tutagombana.

Kwanza ujue msimu huu wa majani kupukutika kamusi inauita vuli, jina lile lile la mvua tulizozoea wewe na mimi, nami kila nikilisikia nakumbuka madimbwi. Lakini hapa habari ni majani. Siku zikifupika na usiku ukipoa, mti unaacha kutengeneza klorofili, ile rangi ya kijani, na iliyopo inavunjika kidogo kidogo. Manjano unayoiona haikuja juzi. Ilikuwamo ndani ya jani msimu wote, kijani kikaifunika. Nyekundu ndiyo ngeni. Hiyo jani hulitengeneza mwishoni, kutokana na sukari iliyobaki ndani yake, hasa mchana ukiwa na jua na usiku ukiwa na baridi isiyofikia kugandisha. Kwa hiyo jua nalihitaji, sikatai. Nalihitaji likapike rangi. Likishamaliza kupika, naomba liondoke, niletewe wingu na manyunyu.

Maana jua kali juu ya majani linafanya nini? Linang'arisha. Kila jani linageuka kioo kidogo, juu kuna weupe, chini kivuli cheusi, na rangi uliyoifuata imepotelea katikati. Siku ya mawingu mwanga unatoka kila upande, mashina yaliyolowa yanakuwa meusi kama mkaa, na manjano inawaka juu yake. Bado maji nayo yanang'aa, ndipo ninapofunga kichujio cha polaraiza mbele ya lenzi na kukizungusha taratibu. Jaribu siku moja uone: unazungusha, unazungusha, mara ule mng'ao unafutika kama umepitishiwa kitambaa, rangi inajitokeza. Mara ya kwanza nilisema "lo!" kwa sauti, peke yangu, msituni.

Na kitu kingine kilichonitesa wiki mbili nzima. Kamera ikiachiwa ijipangie rangi yenyewe, ikiona manjano imezidi inadhani ni kosa, inaisahihisha. Narudi na majani yaliyopauka kama yana malaria. Sasa naiwekea mpangilio wa mawingu, ninaufunga hapo hapo, hainiulizi tena. Ile picha ya sita, ya jani lenye umbo la kiganja limenasa kwenye utando wa buibui, ndivyo ilivyopigwa. Itazame tena kwa utulivu. Kila uzi una shanga za umande, na ndani ya shanga kubwa, ukiikuza, kuna msitu mzima umegeuzwa kichwa chini. Wewe ukahesabu "jani la sita" ukapita! Haya.

Nije kwenye mnyama, usije ukasema nakwepa.

Unamjua ayala, yule mnyama wa pembe za matawi, kwa zaburi, yule aonaye shauku ya mito ya maji. Mimi nimemjua kwa mlio. Huu ndio msimu wake wa kupandana, na dume huanza kunguruma kabla hakujapambazuka: sauti nzito, ya kukwaruza, kama mtu anayeburuta kabati kubwa kwenye sakafu ya mbao, tena ina hasira. Husikii mara moja tu. Yule wa bondeni akimaliza, wa kilimani anajibu. Wanapimana kwa sauti kwanza, ndipo wapimane kwa pembe. Siku hizo dume hali chakula sawasawa, anakonda, kazi ni kulinda majike na kufukuza wenzake.

Safari ya kwanza ndiyo iliyonipa kikohozi. Nililala kifudifudi kwenye nyasi zilizolowa saa nzima, upepo ukinipiga usoni, na ndivyo inavyotakiwa, maana ukikuvumia kutoka mgongoni unampelekea mnyama harufu yako na barua yenye jina. Nikamsikia yuko karibu. Nikabonyeza nijaribu mwanga: betri imekufa. Baridi inazinyonya betri, hilo nilikuwa nimelisoma, nikalipuuza. Nikarudi kwenye gari kuchukua nyingine, kamera shingoni, nikakaa ndani dakika kumi na kipasha joto kinavuma, nikijipongeza kwa busara. Niliporudi ayala ametoka, amesimama peupe, kichwa kakirudisha nyuma, pembe zimelala mgongoni, ananguruma. Naweka jicho: maziwa. Lenzi baridi iliyoingizwa kwenye joto imevaa ukungu wote. Nafuta, inarudi. Nafuta, inarudi. Yeye akanguruma vya kutosha, akageuka, akaondoka zake kwa hatua za mtu asiyedaiwa.

Sikukuambia siku ile kwa sababu ningelia.

Sasa betri ya akiba inakaa mfuko wa ndani wa shati, kifuani. Hata ile iliyokufa ukiipasha hapo inafufuka kidogo, inakupa picha kadhaa za huruma. Na kamera kabla ya kuingia pa joto naifungia kwenye mfuko wa plastiki, nafunga sawasawa, unyevu unagandia nje ya mfuko badala ya kwenye kioo. Mfuko wa plastiki tu, swahiba. Fikiria kilichonigharimu kujua hilo.

Picha niliyoiambatisha leo ni ya safari ya nne. Ukungu mzito ulikuwa umejaa bondeni, miti imebaki vivuli. Kamera ikiona weupe mwingi hivyo inaogopa, inatia giza, ukungu unakuwa kijivu cha masizi. Nikaiongezea mwanga kituo kimoja, yaani maradufu. Kisha nikangoja, meno yakigongana. Alipotoka alikuwa mbali, na lenzi yangu ya milimita 300 haiwezi kumvuta hadi ajae picha. Najua utakachosema: "mnyama mwenyewe kama sisimizi." Lakini tazama mdomo wake. Ile hewa inayotoka, imesimama mbele yake kama wingu dogo lenye mkono. Ningemkaribia ningepata pembe na macho, na nisingepata lile bonde linalomfanya aonekane yuko peke yake duniani.

Tena kusogea kwenyewe sipendi. Niliwahi kumwona mtu akimnyemelea dume mwenye majike, simu imenyooshwa mbele, akitaka picha ya karibu. Dume akamgeukia, kichwa chini. Mtu yule alikimbia mbio ambazo hata 1/1000 isingezikamata. Alinusurika, lakini majike yote yalitawanyika, na yule dume akahangaika asubuhi nzima kuwakusanya, mwili wenyewe hauna akiba. Picha gani hiyo?

Kindi nao nimewapiga wengi, ila wote wamenipa mgongo. Wako kazini, wanafukia matunda ya mwaloni. Mmoja wa kijivu alinifanyia vituko: anachimba, anainama, anashindilia udongo kwa mikono miwili, anaondoka, na tunda bado liko mdomoni! Kindi hao wakijiona wanatazamwa hujifanya wanafukia ili kumpoteza mwizi. Mwizi ni mimi. Nina picha 40 za shimo tupu.

Sasa naomba mambo mawili. Nataka kuchapisha picha moja kubwa, niitundike ukutani: ama ayala wa ukungu, ama lile jani la utandoni. Nimezitazama mpaka zimenichosha macho, nichagulie wewe, na usichague ayala kwa kunihurumia.

La pili, mbayuwayu. Walikuwa wamejipanga kwenye nyaya kama nguo zilizoanikwa, nikasema kesho nitakuja na stendi. Kesho nikakuta nyaya tupu. Wanavuka bahari na Sahara kuja huko uliko, kwa hiyo ukiwaona wakikatiza chini chini juu ya majani baada ya mvua, toa simu upige, hata ikitoka mikia mitupu. Sitacheka.

Ni mimi rafiki yako,
mpiga mikia