Nyonga kwanza, mabega baadaye

Kwako rafiki yangu Neema,

Natumai hujambo, na wa nyumbani hawajambo. Michoro yako mitatu imefika. Mikono umeipatia kweli, lakini watu wako hawajasimama. Wameegemea ukuta ambao hukuuchora. Sababu ni moja: unaanza na mabega, na mkao wa kontraposto, yaani kusimama uzito wote ukiwa mguu mmoja, huanzia kwenye unyayo.

Chukua picha ya Mbeba Mkuki, sanamu ya Polykleitos, mchongaji wa Ugiriki ya kale. Sanamu yenyewe ya shaba, ya miaka ya 440 KK hivi, imepotea. Iliyobaki ni nakala ya marumaru kutoka Pompeii, ipo Naples, Italia, kimo chake mita 2.12. Uzito uko mguu wa kulia. Wa kushoto umerudi nyuma, goti limelegea, kisigino kiko juu. Mguu uliolegea hauwezi kulishikilia fupanyonga, basi upande wa kushoto unashuka na nyonga ya kulia inabaki juu. Hapo mwili ungeinamia kushoto, ndiyo maana kiwiliwili kinajirudi kulia na bega la kulia linashuka. Ubavu wa kulia unabanwa, wa kushoto unanyooka. Ukiinamisha mabega na nyonga upande mmoja, kama ulivyofanya mchoro wa kwanza, umechora mtu anayeanguka.

Mchoro wa pili una kosa la zamani zaidi. Vijana wa mawe waliochongwa Ugiriki kabla ya hapo hutanguliza mguu wa kushoto, ila uzito umegawanywa sawa na nyonga zimelala usawa. Wako nao wamepiga hatua bila kuhamisha uzito.

Kwa hiyo fanya hivi. Unayemchora akishasimama, zungushia nyayo zake chaki. Funga nati kwenye uzi iwe timazi, uinyooshe mbele ya jicho lako, uzi upite kwenye kibonde cha koo, kati ya mitulinga. Chini uangukie kifundo cha mguu uliobeba, au karibu yake sana. Ukiangukia katikati ya miguu, bado amegawa uzito. Mwambie ahamie mguu mmoja. Halafu tia alama mifupa miwili ya mbele ya nyonga, unganisha kwa mstari, ndipo uende mabegani. Kichwa kiache mwisho. Goti lililolegea likae chini kidogo ya lile linalobeba. Wewe umeyaweka usawa, na mguu ukaonekana mfupi.

Baada ya dakika 20 hivi mtu huchoka, nyonga inazidi kusukumwa nje, nawe unajikuta umechora watu wawili katika mwili mmoja. Mpe mapumziko ya dakika 5, arudi kwenye chaki.

Na kile kisiki cha mti nyuma ya mguu wa ile nakala usikichore! Mchongaji wa nakala alikiweka kwa kuwa vifundo vya marumaru havihimili uzito ule. Shaba haikukihitaji.

Nitumie mchoro wa nne, mistari ya timazi usiifute.

Wako,
Rehema