Barua ya wazi kwa mdogo wangu: Mama Mkubwa ametoka wodini

Mdogo wangu mpendwa,

Assalaam alaykum. Mama Mkubwa aliruhusiwa Jumanne, baada ya kulazwa siku 11, na sasa yupo Ujiji katika chumba cha mbele kinachotazama mwembe, kile kile tulicholala mimi na wewe tulipoletwa kwake baada ya mama kufariki. Ujumbe wako niliusoma nikiwa kwenye benchi la nje ya wodi. Uliuliza kwa nini hatumtafutii nyumba ya kutunzia wazee waliopotewa na kumbukumbu, kama hiyo unayofanyia zamu za usiku huko Minnesota, ukaahidi kulipa wewe. Nilikasirika, nikakaa siku nne bila kukujibu, na kwa ukimya huo nakuomba radhi. Ninakujibu hadharani kwa kuwa najua wapo jamaa wengine, wa Kigoma na waliotawanyika, ambao wiki hii wanaulizana swali hilo hilo wakiwa kando ya kitanda cha mzazi.

Kwanza nikueleze ulichokiona kwenye simu siku ile, maana ndicho kilichokutia hofu. Ulimwona akipiga kelele, hamjui mtu, anavuta sindano ya dripu na kudai kuwa wavuvi wa dagaa wamejaa chini ya kitanda na taa zao. Ukasema ugonjwa wa kusahau umefika mwisho wake. Daktari alitueleza kwamba hapo palikuwa na mambo mawili yaliyopandana. Kusahau anako kwa miaka kadhaa sasa, nako kunaongezeka polepole. Ila kule kuchanganyikiwa kulikomjia ndani ya siku mbili kulitokana na UTI na kukaukiwa maji mwilini, kwa sababu mzee wa umri wake kiu haimsumbui hata anapohitaji maji, na ubongo uliokwisha kudhoofika huyumba upesi mwili unapopata maambukizi. Hali hiyo hutibika, ingawa kutulia kwake kunaweza kuchukua wiki, pengine miezi.

Kuna usiku mmoja nilirudi nikamkuta amefungwa mikono kwa kanga kwenye chuma cha kitanda. Sitaitaja hospitali, na ninajua muuguzi alikuwa peke yake na wagonjwa wengi, lakini Mama Mkubwa alipambana na fundo lile mpaka ngozi ya kifundo ikachubuka, na kadiri alivyopambana ndivyo wavuvi walivyozidi kumjia. Tuliomba ruhusa ndugu mmoja alale naye kila usiku. Tukamletea miwani yake, ambayo siku zote hizo ilikuwa imebaki nyumbani juu ya kabati, na shangazi akawa anazungumza naye Kiha kwa sauti ya chini, kwa sababu Kiswahili alijifunza ukubwani na wakati ule kilikuwa kimemtoka. Siku ya saba aliomba uji. Siku ya tisa aliniita kwa jina la marehemu mama yetu, nikaitika.

Kaka yetu wa Dar es Salaam alitaka tumsafirishe moja kwa moja kutoka wodini. Nilikataa, na kwenye kikao nilisema maneno makali ambayo hukuyasikia vizuri kwa sababu mtandao ulikuwa unakatika. Hoja yangu ilikuwa kwamba mtu asiyejua alipo hawezi kusafirishwa zaidi ya kilomita 1,200 kwa reli, halafu akaamka katika ghorofa asilowahi kuliona, mlango wa choo upande asioujua, na sisi tuseme tumemtunza. Wala uamuzi wa maisha yake yote yaliyobaki haufai kufanywa kwa kumtazama jinsi alivyokuwa katika siku zake mbaya kuliko zote. Tumekubaliana tusubiri miezi mitatu ndipo tukae tena.

Kuhusu nyumba ya wazee, yapo makazi ya serikali hapa hapa Kibirizi, lakini kimsingi yamewekwa kwa ajili ya wazee wasiojiweza na wasio na ndugu wa kuwatunza, na ningeona haya kumchukulia nafasi mzee wa namna hiyo. Nyumba kama hiyo yako, yenye milango ya namba za siri, wahudumu waliofundishwa ugonjwa huu na mtu aliye macho usiku kucha, hapa kwetu hatuna. Nilipotulia ndipo nilipokumbuka mambo uliyonisimulia mwaka juzi: kwamba kila mkaazi huwekewa picha zake za ujana mlangoni ili akitambue chumba chake, kwamba sahani huwa za rangi iliyokoza ili chakula kionekane, na kwamba huko Uholanzi, mjini Weesp, tangu mwaka 2009 kuna kijiji kizima cha wagonjwa wa aina hii, chenye duka na njia za kutembea, ambamo mtu hutoka nje apendavyo bila kupotea. Nikajiambia kwamba katika ukoo wetu mzima anayeujua ugonjwa huu kwa mikono yake ni wewe, na sisi tulikuwa tukikuomba dola tu.

Basi nikupe hali ya nyumba, unisahihishe. Jiko la mkaa tumelihamishia uani kwa jirani. Kioo cha kabati tumekifunika kwa kanga, kwa sababu alikuwa akimkaribisha chakula yule bikizee aliyemwona ndani yake, na alipoona haitikiwi akalia. Komeo la mlango tumelipandisha juu kabisa, mahali ambapo macho yake hayafiki, lakini nimeweka sharti kwamba asifungiwe ndani hata dakika moja bila mtu mzima kuwa naye, kwa kuwa moto hauombi hodi. Choo kiko nje, kama unavyojua, kwa hiyo usiku tunaweka ndoo yenye kifuniko kando ya kitanda na taa ya sola inayowaka mpaka asubuhi. Kila baada ya saa mbili anapewa maji au uji na kupelekwa kujisaidia, asisubiri mpaka aombe.

Mikono yake haijasahau. Ukimwekea ungo wa mchele anapeta vile vile, pumba zinaruka upande mmoja, na dagaa huwachambua upesi kuliko binti anayetusaidia. Mwanzoni nilikuwa nikimnyang'anya ungo ili apumzike. Sasa namwachia, na kama mchele umekwisha pepetwa namrudishia ule ule, naye huanza upya kwa furaha. Alhamisi alimwambia binti kwamba mawese yamezidi kwenye mboga, na kweli yalikuwa yamezidi.

Saa ngumu ni ya magharibi. Jua likianza kushuka nyuma ya milima ya Kongo, ng'ambo ya ziwa, hukunja kanga zake mbili, akazifunga na kusema anakwenda nyumbani, Kasulu, mama yake anamsubiri. Nilikuwa nikimwambia kwamba mama yake alikwisha kufa, na kila nilipomwambia alifiwa upya, akalia kama aliyepewa habari siku hiyo. Siku hizi namuuliza mama yake amepika nini. Tunatoka pamoja na furushi, tunatembea mpaka kwenye mwembe, ananieleza baridi ya Kasulu na maharage ya kule, kisha tunarudi na mara nyingi amekwisha kuliacha furushi mkononi mwangu. Uniambie kama huko kwenu mnafanya vinginevyo.

Jambo moja sikukuandikia kwenye simu. Kabla hajalazwa alikuwa akitoka alfajiri, na siku aliyookotwa ufukweni akiwa na gauni la kulalia, mtu mmoja mtaani alisema bibi anatoka usiku kwa shughuli zake. Unajua neno hilo linaweza kumfikisha wapi bikizee katika mikoa yetu ya magharibi. Sikulala. Asubuhi nilikwenda kwa mjumbe na kwa imamu, nikawaeleza kwamba ni ugonjwa wa ubongo, ambao daktari Mjerumani Alois Alzheimer aliueleza mbele ya wenzake mwaka 1906, na kwamba hapa hapa Tanzania, wilayani Hai, watafiti waliwakuta na ugonjwa wa kusahau, wa aina hii au nyingine, takriban wazee 6 katika kila 100 wenye miaka 70 na zaidi. Imamu aliwataka watu wamwonapo barabarani wamsalimie, wamshike mkono na kumrudisha. Juzi mwuza vitumbua alimleta mwenyewe mpaka mlangoni.

Sasa ombi langu. Fedha zako tutazipokea, kwa kuwa binti lazima alipwe vizuri asije akaondoka, na mimi nimechoka kiasi kwamba juzi nilisinzia nikiwa nimeshika kikombe chake. Lakini nataka pia unifundishe kumwogesha bila kugombana, maana akiona maji anadhani anazamishwa. Na ukipiga simu, usimuulize tena, "Unanikumbuka?" Ulipomuuliza hivyo wodini alinitazama mimi kwa aibu, kama mtoto aliyeshindwa swali darasani. Jitaje jina, umwambie wewe ni yule mtoto aliyekuwa akimwibia karanga, kisha uzungumze naye Kiha, hata kama chako kimepungua. Piga saa kumi alasiri ya huku, kabla jua halijaanza kumsumbua. Katika majira haya, huko kwenu inakuwa saa mbili asubuhi, ukitoka zamu. Nitakuwa nimemkalisha barazani na ungo wake.

Dada yako,
Ujiji