Barua kwa Mwanangu: Kabla Hujamtumia Fedha

Kissimmee, Florida

Mwanangu Zuhura,

Salamu nyingi, na wajukuu zangu wabusu wote. Nimefurahi kwamba mnakuja Aprili. Lakini habari ya kukodi wiki ya taimsheya, yaani nyumba ya likizo ambayo watu wengi huimiliki pamoja na kila mmoja ana wiki yake, kwa mtu uliyemkuta mtandaoni imeninyima usingizi.

Usiku mmoja nikiwa zamu ya mapokezi, walifika baba, mama na watoto watatu, wameendesha gari kutwa kutoka Georgia. Karatasi ya uthibitisho walikuwa nayo, na namba yake ilikuwa ya kweli. Nikaitafuta kwenye kompyuta: nafasi ilikwisha kufutwa, kwani mwenye wiki alikuwa na deni la ada ya matunzo ya mwaka. Yule mama akamlaza mdogo kwenye kochi, akamfunika koti. Chumba cha kuwapa sikuwa nacho. Mpaka leo nikilikumbuka lile koti moyo unaniuma.

Elewa, mwanangu, kwamba nafasi inakaa kwenye akaunti ya mwenyewe. Hata ukishamlipa, anaweza kuifuta. Kwa hiyo mwambie kwanza aandikishe jina lako kama mgeni, kama lilivyo kwenye kitambulisho. Mahali pengine kuna ada ya kuandikisha mgeni. Mpatane mapema nani ataitoa. Kisha piga simu hotelini wewe mwenyewe, kwa namba uliyoitafuta mwenyewe, usitumie aliyokupa yeye. Jina lako lisipokuwemo, sisi wa mapokezi haturuhusiwi kukwambia lolote. Piga tena wiki moja kabla ya safari. Mwombe pia risiti ya ada ya matunzo ya mwaka huu. Mwenye kulipa haoni tabu kuionyesha.

Nyumba unayotaka kukodi iko Orlando, basi kama anaimiliki kwa hati iliyosajiliwa, mtafute kwenye kumbukumbu za hati za Orange County, ndiyo wilaya ya Orlando. Zinasomwa bure mtandaoni.

Kuhusu malipo, nakusihi usitume kwa Zelle, ile huduma ya kutuma fedha moja kwa moja toka benki hadi benki. Ukishabonyeza mwenyewe, kuirudisha ni kazi kubwa. Tumia kadi ya mkopo. Sheria ya Marekani ya mwaka 1974 inakupa siku 60, tangu utumiwe taarifa ya kwanza yenye malipo hayo, kuyapinga kwa maandishi. Sasa piga hesabu: ukilipa yote Januari, siku hizo zinaweza kwisha hata hujafungasha. Mwombe apokee sehemu sasa, salio safari ikikaribia, na mkataba useme atarudisha kiasi gani nafasi ikifutwa, na kwa siku ngapi. Akikataa kuandika hilo, mwache, hata bei iwe nzuri namna gani.

Nitumie picha ya mkataba kabla hujatia sahihi. Alhamisi natoka kazini saa tisa alasiri, tutausoma pamoja kwa simu. Najua nyumba yangu ni ndogo kwenu nyote, lakini chumba cha nyuma nitakitandika hata hivyo.

Mamako