Yule nyoka uliyeniuliza

Pangani, 9 Agosti

Ndugu yangu Athumani,

Assalaam aleikum. Barua yako imenifikia salama pamoja na mchoro wa Rehema, nami nimeisoma mara mbili kwa ajili ya swali ulilolichomeka mwishoni: je, yule mnyama mweusi mwenye tumbo la njano, aliyetupwa na mawimbi pale mnapoanika dagaa, ni samaki aitwaye mkunga kama wasemavyo wazee wa hapo, au ni nyoka kweli?

Ni nyoka, bwana. Mkunga ana ngozi tupu ya utelezi na pezi refu la mgongoni. Huyu ana magamba, hana pezi lolote, na mkia wake umebapa kama kasia. Jina lake la kitaalamu ni Hydrophis platurus. Mwaka juzi nilimwona mmoja kwa karibu, kusi ilipokuwa imevuma siku tatu mfululizo: urefu wake haukufika mita moja, naye alikuwa akijipinda mchangani bila kusogea, maana hana yale magamba mapana ya tumboni ambayo nyoka wa nchi kavu hujivutia nayo. Nilimwonea huruma, ingawa sikumkaribia zaidi ya hapo.

Maisha yake yote ni majini. Hatagi mayai, bali huzaa watoto hai huko huko baharini, na wa aina yake wameenea kutoka pwani yetu hii hadi pwani ya magharibi ya Amerika. Atlantiki hawapo, kwa kuwa maji ya baridi ya upande wa Namibia huwafungia njia. Chakula chake hukipata kwa uvivu wa kupendeza: huelea kimya penye msitari wa povu na takataka za bahari, visamaki vikaja kujificha chini yake wakidhani ni kijiti, naye huogelea kinyumenyume mpaka kichwa kiwafikie. Akitaka kujivua gamba, hujifunga fundo na kulipitisha mwilini kama mtu akamuaye nguo.

Lakini jambo ambalo bado linanishangaza ni kiu yake. Tulifundishwa kwamba tezi iliyo chini ya ulimi humtolea chumvi, kwa hiyo hunywa maji ya bahari bila taabu. Watafiti waliowachunguza nyoka hawa huko Costa Rica, ambao matokeo yao yalitoka mwaka 2014, waligundua kwamba hata mwenye kiu kali huyakataa maji ya chumvi. Husubiri mvua kubwa inyeshe, kisha hunywa yale maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, yanayotanda juu ya bahari kabla hayajachanganyika, na kiangazi kikiwa kirefu hukaa na kiu miezi mingi.

Kuhusu sumu, wazee hawakosei kuogopa. Meno yake ni mafupi na si mwepesi wa kuuma, ila akiuma huenda mtu asisikie maumivu pale pale. Baada ya muda ndipo misuli huuma na kukakamaa, kope hulegea, na mkojo huweza kuwa mweusi. Aliyeumwa asichanjwe kwa wembe wala asitembezwe: alazwe, kiungo kifungwe kisichezecheze, apelekwe hospitali mara moja. Na wavulana wanaochambua nyavu alfajiri wawe na taa, kwani humo ndimo wengi huumwa.

Msalimie mama watoto. Mwambie Rehema mchoro wake ni sahihi kabisa, isipokuwa mkia: aupake njano, kisha autie madoa meusi.

Ni mimi nduguyo,
Hamisi