Kifafa cha Mahenge si maajabu, dawa ndiyo haipo

Mhariri,

Nimeanza kusoma gazeti lenu tangu likiuzwa shilingi mia mbili, na sijawahi kuwasumbua kwa barua. Lakini ile habari ya wanasayansi wa kwetu na wa Ulaya wanaoshirikiana kuchunguza kifafa huku Mahenge, mkaipachika jina la “ugonjwa wa ajabu”, imenishinda.

Ajabu ipi? Mwanzoni mwa miaka ya 1960 alikuwepo huku daktari mzaliwa wa Norway, Louise Jilek-Aall. Akaanzisha kliniki ya kifafa, akagawa vidonge vya fenobabito, na wagonjwa wengi wakapata nafuu. Aliandika hata habari za watoto wanaotikisa kichwa kama wanaosinzia, na miaka mingi baadaye hali hiyo ilipozungumzwa Sudan Kusini na kaskazini mwa Uganda, dunia ikashtuka kana kwamba ndiyo kwanza inasikia. Siku hizi watafiti wanatueleza kwamba kifafa kingi cha huku kinahusiana na usubi, ile minyoo tunayoambukizwa na inzi weusi wa kwenye mito ya maji ya kasi, na kwamba mtoto aliyeambukizwa sana utotoni ndiye yuko hatarini. Nawashukuru. Angalau bibi zetu wamepungukiwa kesi za uchawi.

Utafiti basi sina ugomvi nao. Ugomvi wangu ni vidonge. Walikuja nyumbani kwa dada yangu vijana wawili wenye adabu, na kishikwambi mkononi. Wakamuuliza kuhusu binti yake: alianza kuanguka akiwa na umri gani, huanguka usiku au mchana, huwa anajikojolea? Wakauliza bati au nyasi, kuku wangapi, choo kina mlango? Wakamtoa binti damu, dada akatia dole gumba kwenye fomu ya ridhaa. Na muda wote huo kopo la dawa lilikuwa juu ya meza, tupu, kwa sababu zahanati walishamwambia fenobabito imekwisha arudi mwezi ujao. Nikauliza, jamani, hamna hata za kumsogeza? Kijana akanijibu kwa upole, “Mzee, sisi ni upande wa utafiti, dawa siyo upande wetu.” Sasa mtu anayechunguza kifafa hajui kwamba mgonjwa akikatishiwa fenobabito ghafla, degedege huweza kumrudia kwa nguvu kuliko mwanzo? Siku chache baadaye binti aliangukia jikoni akisonga ugali. Mkono wa kushoto umebabuka kuanzia kiwiko mpaka vidoleni. Shirika la Afya Duniani linasema dawa za kifafa zinaweza kugharimu chini ya dola 5 kwa mwaka kwa mgonjwa mmoja, na kwamba hadi asilimia 70 ya wenye kifafa wanaweza kuishi bila kuanguka wakitibiwa ipasavyo. Dola 5! Gari walilokuja nalo lilimaliza zaidi ya hizo kwa kupanda mlima tu.

Na hao wanaogawa dawa ya usubi nao wana mambo yao. Kijijini kwetu wanakuja na fimbo yao ya kupimia urefu, ile inayoamua umeze vidonge vingapi, wakati nusu ya watu wamehamia mashamba ya mpunga bondeni, wanajaza daftari kwa waliowakuta, wanaondoka. Dawa yenyewe inaua vijidudu vichanga tu, minyoo mikubwa inabaki mwilini miaka kumi na zaidi. Anayerukwa msimu hadi msimu ni sawa na asiyepewa kabisa. Mbona wakati wa kampeni za uchaguzi bondeni hufikika?

Pendekezo langu: kila gari la utafiti wa kifafa litakalopanda kuja Mahenge lisimamishwe kizuizini kama magari ya mkaa, likaguliwe. Lisipokuwa na katoni za fenobabito za kuwatosha mwaka mzima wale wote linaokwenda kuwahoji, ligeuzwe likanywe chai Ifakara. Maprofesa watakaolalamika wapewe fomu ya ridhaa watie dole gumba.

Tena ile picha ya mtoto akitokwa povu mliyoiweka ukurasa wa mbele, msiirudie. Ana wazazi, na wanasoma gazeti.

Mjomba wa mshiriki,
Ulanga, Morogoro